PANYA WA MOROGORO NA MTOTO WA MFANYAKAZI

Mkazi wa Sombetini hahitaji kuelezwa panya ni mnyama wa namna gani. Amjua kwa hasara: gunia la mahindi lililotobolewa, sabuni iliyotafunwa, unga uliochafuliwa usiku wakati wenyewe wamelala. Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru naye ana kesi yake ya siku nyingi na fuko akataye mizizi ya mazao chini kwa chini. Kwa hiyo twatambua ya kuwa, tukitaka leo kuzungumza habari za panya katika ukurasa huu ambao kwa desturi hushughulika na mambo ya watu, yupo msomaji atakayedhani kwamba tumeishiwa na maneno. Twamwomba atuvumilie. Habari yenyewe kwa nje ni ya panya, lakini kwa ndani ni ya mtoto aliyeachwa nyumbani asubuhi hii, wakati mama yake akiharakisha kwenda kazini.

Mtoto huyo tulimwona. Tulipita Sombetini alfajiri, saa ambayo njia zimejaa watu waendao vibaruani, na tulisimama kwenye kibaraza cha mama mmoja ambaye likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha wiki ile. Mwanawe alikuwa na miezi mitatu. Alimnyonyesha akiwa amesimama, akamkabidhi kwa binti amsaidiaye kazi za nyumbani, akaondoka bila kugeuka nyuma. Alitueleza ya kwamba msimamizi wake humpa dakika chache tu za kunyonyesha, ambazo hazitoshi hata kufika nyumbani na kurudi, na ya kwamba dakika hizo zenyewe huhesabiwa kuwa ni hisani. Hatutamtaja mama huyo wala mwajiri wake, kwa sababu hatukuja kumshtaki mtu mmoja. Twataka kuuliza swali lililo kubwa kuliko mtu mmoja: Je, kumshika mtoto mchanga na kumnyonyesha ni hisani, au ni kazi ya ujenzi ambayo ikikosa wakati wake huenda isipate wakati mwingine?

Wenye majibu mazuri ya swali hili, ajabu, ni panya.

Tuanze na panya wa kwetu. Katika mji wa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya hawa hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na tangu mwaka 2007 wamekuwa pia wakinusa makohozi ili kugundua wagonjwa wa kifua kikuu. Uzito wa panya buku ni kama kilo moja au zaidi kidogo, hivyo hupita juu ya bomu bila kulilipua. Mmoja wao aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Morogoro wa mwaka 2013, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Huko alifichua mabomu na zana nyingine za milipuko zaidi ya 100, na mwaka 2020 chama kimoja cha Uingereza cha kutunza wanyama, PDSA, kilimpa nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022, akiwa ameokoa miguu ya watu ambao hawakupata kumjua.

Jambo la kutazamwa hapa ni namna panya huyo anavyolelewa. Mafunzo yake hayaanzi na bomu. Yaanza mapema kabisa, pale macho ya mtoto wa panya yanapofumbuka, katika umri wa kama wiki nne. Walimu humshika mkononi, humpakata, humzoeza sauti za watu, harufu, mwanga na mwendo wa gari, ili asiwe na hofu. Ndipo baadaye afundishwapo kwamba mlio fulani maana yake ni ndizi au karanga, na mwisho afundishwe harufu ya baruti. Walimu wa Morogoro wajua ya kwamba panya asiyeshikwa angali mdogo hukua na woga, na panya mwoga hawezi kazi hata kama pua yake ni hodari.

Msomaji atauliza: mkono wa mwalimu wafanya nini ndani ya kichwa cha panya? Mguso ni kitu cha nje. Wageukaje kuwa ujasiri na akili? Hapa hatuna budi kueleza kidogo juu ya vitu viitwavyo vichochezi vya ukuaji.

Mwili wa kiumbe chochote umejengwa kwa chembe ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hazikui ovyo. Kila moja hungoja kuamriwa: kua, gawanyika, nyosha mkono wako umfikie jirani, au kufa upishe wengine. Amri hizo huchukuliwa na protini ndogo mno, na protini hizo ndizo vichochezi vya ukuaji. Mfano wake ni msimamizi wa ujenzi apitaye kati ya mafundi akimwambia huyu pandisha ukuta, na yule ngoja kwanza. Matofali na saruji vyaweza kuwapo tele, lakini msimamizi asipofika nyumba haitasimama.

Aliyegundua kichochezi cha kwanza cha namna hii ni mwanamke wa Italia, Rita Levi-Montalcini, aliyezaliwa Turin mwaka 1909. Historia yake yafaa kusomwa na kila mtu aliyepata kuambiwa kwamba mahali fulani si pake. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi zilizowafukuza Wayahudi katika vyuo, naye alikuwa Myahudi. Hakukubali kuacha kazi yake. Aligeuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akachunguza neva za vifaranga ndani ya mayai huku vita vikiendelea nje. Vita vilipokwisha alikwenda Marekani, katika mji wa St. Louis. Mwaka 1952 alisafiri kwa ndege hadi Rio de Janeiro akiwa na panya wawili wenye uvimbe. Katika maabara ya huko alionyesha ya kuwa uvimbe ule hutoa kitu kinachofanya nyuzi za neva zichipue kwa wingi, mfano wa miale ya jua.

Mwenzake Stanley Cohen alijiunga naye mwaka 1953, na pamoja wakakitafuta kitu kile mpaka wakakipata kwa wingi mahali pasipotazamiwa na mtu: katika tezi za mate za panya. Baadaye Cohen akaona jambo jingine. Alipowadunga watoto wachanga wa panya maji yaliyotoka katika tezi hizo, macho yao yalifumbuka katika siku ya saba, badala ya siku ya kumi na mbili hadi kumi na nne, na meno yao pia yaliota kabla ya wakati. Hicho kilikuwa kichochezi cha pili, nacho chafanya kazi kwenye ngozi na sehemu nyingine nyingi za mwili. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kichochezi kingine, kilicho muhimu kwa ubongo, kilitolewa katika ubongo wa nguruwe mwaka 1982 na Yves-Alain Barde na Hans Thoenen waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani.

Sasa turudi kwenye mkono wa mwalimu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Marekani, Seymour Levine, aliwachukua watoto wachanga wa panya, akawa anawatoa kwa mama yao dakika chache kila siku, anawashika, kisha anawarudisha. Wengine hakuwagusa. Walipokuwa wakubwa, walioshikwa walikuwa watulivu mbele ya jambo geni, na wasioshikwa walikuwa waoga. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba siri haikuwa mkono wa mtu peke yake. Watoto waliporudishwa, mama yao aliwaramba zaidi kuliko kawaida, na ulimi wa mama ukafanya kazi yake.

Huko Montreal, Kanada, Michael Meaney na wenzake walilifuata jambo hilo. Waliona ya kwamba kuna mama panya warambao sana watoto wao na kuna warambao kidogo. Katika taarifa yao ya mwaka 2000 walieleza kuwa watoto wa wale warambao sana walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha kichochezi cha ubongo katika sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo ndiyo hutunza kumbukumbu za njia na mahali. Viungo baina ya chembe za neva katika sehemu hiyo vilikuwa vingi zaidi, na panya hao walijifunza njia upesi kuliko wenzao. Mtoto wa mama mvivu wa kuramba, akipewa mama mwenye bidii amlee, hukua akifanana na yule aliyemlea. Urithi wa damu una nguvu, lakini malezi nayo yana nguvu yake.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Saul Schanberg, aliwatenga watoto wa panya na mama yao. Akaona kwamba homoni ya ukuaji ilishuka miilini mwao, na tatizo halikuwa njaa. Alipowasugua kwa brashi yenye majimaji, kwa namna ya ulimi wa mama, homoni ile ilipanda tena. Tukio hili twaomba msomaji alitafakari. Mwili wa kitoto kile uliamini kwamba haukuwa na mlezi, ukafunga kazi ya kukua. Ulipoguswa ukaamini kwamba upo salama, ukaendelea na ujenzi.

Basi asije mtu akasema kwamba, ikiwa vichochezi vina faida kiasi hiki, na tuvinunue tuwadunge watoto wetu. La hasha! Panya wametuonya pia juu ya haraka. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Niigata, Japani, walieleza matokeo ya kuwadunga panya wachanga kile kichochezi cha ngozi cha Cohen. Mwanzoni ungedhani ni baraka, kwa kuwa macho na meno yalitangulia wakati. Lakini walipokua, ubongo wao ulionekana kuwa na kasoro. Panya mzima akisikia mshindo wa ghafula hushtuka. Ukitangulizwa mlio mdogo wa kumtahadharisha, hushtuka kwa kiasi tu. Panya wale waliodungwa tahadhari haikuwafaa kitu, na tena hawakuchangamana vizuri na wenzao. Aliyefumbua macho mapema hakuona mbali zaidi.

Naye fuko asiye na manyoya, aishiye chini ya ardhi katika nchi za Kenya, Ethiopia na Somalia, ametoa fundisho lililo jirani na hilo. Ubongo wake hukomaa polepole mno, na mwaka 2012 ilielezwa kwamba kichochezi kimoja cha neva hubaki kwa wingi ubongoni mwake muda wote wa maisha. Mnyama huyu mwenye ukubwa wa panya mdogo huishi zaidi ya miaka 30, wakati panya wa nyumbani huishi michache tu. Kukua kuna ratiba yake. Akosaye huumia, na azidishaye kabla ya wakati huumia vilevile. Kipimo kinachojua wakati ni kile cha asili: maziwa, joto, mguso na sauti ya mlezi, kidogo kidogo, kila siku.

Msomaji makini atapinga: mwanadamu si panya. Ni kweli, nasi hatungethubutu kumfundisha mama wa Sombetini ulezi kwa mifano ya panya peke yake. Lakini jambo hili limepimwa kwa watoto wa watu. Mwaka 1986 Tiffany Field, akishirikiana na Schanberg yule yule, alitoa taarifa ya watoto njiti 40 wa hospitali moja ya Marekani. Nusu yao walisuguliwa mwili taratibu mara tatu kwa siku, dakika 15 kila mara, kwa siku kumi. Waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao na wakatoka hospitali siku sita mapema. Mwaka 2009 wataalamu wa Italia walifanya jambo hilo kwa watoto njiti na kwa watoto wa panya kwa pamoja. Katika pande zote mbili, kusuguliwa mwili kuliharakisha kukomaa kwa uwezo wa kuona na kuliongeza kichochezi cha ukuaji kinachofanana na insulini. Na kichochezi hicho kilipozuiwa katika panya, faida ya kusuguliwa ilitoweka.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni huu. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogota, Kolombia, alianza kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwapasha joto hazikutosha. Njia hiyo ilipimwa katika hospitali za nchi tano, yaani Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Taarifa ilitolewa mwaka 2021. Kati ya waliobebwa kifuani tangu mara tu walipozaliwa, walikufa asilimia 12 katika siku 28 za kwanza. Kati ya wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie, walikufa asilimia 15.7. Hakuna dawa ya gharama iliyotumika hapo isipokuwa kifua cha mama.

Haya basi, wafanyakazi wenzetu, ndiyo tuliyotaka yatangulie kabla hatujaitaja sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Ilimpa na baba siku zisizopungua 3. Tena ilimtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshaye kumnyonyesha mwanawe katika saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku.

Tazameni neno hilo, “usiozidi”. Mtunga sheria alilitia ili kazi isisimame. Lakini wapo wasimamizi waliolifanya pango la kujifichia. Wasema dakika 20 nazo hazizidi saa 2, kwa hiyo sheria imetimizwa. Kwa hesabu za maneno hawakukosea. Kwa hesabu za mtoto wamekosea sana. Mama akaaye Sombetini na kufanya kazi mbali hawezi kwenda, kunyonyesha na kurudi katika dakika hizo, na haki isiyoweza kutumika ni sawa na chakula kilichochorwa ukutani. Twasema ya kwamba muda wa kunyonyesha hauna budi kupimwa kwa safari ya miguu ya mama na kwa shibe ya mtoto, wala si kwa saa ya msimamizi peke yake.

Mwajiri atatuuliza: nani atanilipa saa hizo? Swali lake si la kupuuzwa, na sisi si watu wa kuhubiri uvivu. Twamjibu kwa kumwonyesha nchi yenyewe. Uchunguzi wa afya wa Taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, kama lishe duni, maradhi na maji machafu, na hatusemi kwamba saa 2 zitaziondoa zote. Lakini ni katika miaka hiyo hiyo ya kwanza ubongo unapojengwa, na mtoto huyo ndiye fundi na karani wa kesho. Mwajiri ayahesabuye mapato ya mwezi huu tu amesahau atamwajiri nani baada ya miaka ishirini.

Nasi wenyewe tusijivue lawama. Matawi yetu na kamati za wafanyakazi hukutana mara nyingi, na ajenda huwa ndefu. Ni mara ngapi saa za kunyonyesha zimeandikwa humo? Kila kamati na iulize mahali pake pa kazi mambo matatu: mama wanaonyonyesha ni wangapi, wapewa muda gani kwa kweli, na je, pana chumba chenye kivuli na maji safi ambamo mtoto aweza kuletwa? Mtoto akiletwa karibu, safari hupungua, na mwajiri mwenyewe hupata nafuu. Wale wauzao mboga sokoni, ambao hawana mwajiri wa kudaiwa, wanastahili kona kama hiyo kutoka kwa wenye kuwatoza ushuru.

Akina baba nao wasikie. Katika maabara ya Levine na katika mabanda ya Morogoro, mkono ulioshika watoto wale haukuwa wa mama yao. Baba arudiye jioni akampakata mwanawe na kumsemesha hajishushi cheo. Na yule binti aachiwaye mtoto kutwa nzima, ambaye katika nyumba nyingi hulipwa baada ya kila deni jingine, ndiye aliyekabidhiwa ujenzi tunaouzungumza. Mikono yake iheshimiwe, na ujira wake ulipwe kwa wakati.

Yule mama wa Sombetini alipoondoka alfajiri ile, mtoto alilia kidogo, kisha binti akamweka kifuani na kumwimbia taratibu, naye akanyamaza. Msimamizi wa kazini hakuwapo kuona, na katika daftari lake la mahudhurio saa hiyo haikuandikwa kitu. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza.